Siku Tuliyohamisha Sauti ya Bwana Kipimo

Mimi si mwoga. Waulize waliowahi kuniletea kitambaa kibovu wakidhani sitakiona. Lakini siku shemeji yangu alipochomoa waya wa ile kompyuta ya zamani, mume wangu akabaki hana sauti, niliogopa mpaka nikashindwa kutoka kwenye kiti cha plastiki.

Mume wangu alikuwa mpima ardhi. Mtaa mzima unamwita Bwana Kipimo, na mimi nikimkasirikia namwita hivyohivyo. Miaka saba iliyopita misuli yake ilianza kulegea: kwanza miguu, halafu mikono, mwisho ulimi. Kichwa hakikuguswa. Akili yake bado inakata kama wembe, na ubishi ndio usiseme. Kiungo kilichobaki kumtii ni kidole kimoja tu, kile cha shahada cha mkono wa kulia. Chini ya kidole hicho kuna kitufe, na mbele yake kuna kioo cha kompyuta chenye herufi. Mwanga unapita juu ya herufi moja moja, akibonyeza, inachukuliwa. Neno refu linamla dakika nzima na zaidi, kwa hiyo maneno ya kila siku alijiwekea sentensi za tayari, mia tatu na kitu, ambazo anazitoa kwa kubonyeza mara mbili tatu.

Halafu kuna kengele. Hiyo ndiyo roho yake. Makohozi yanamjaa kooni na hana nguvu ya kukohoa. Yakianza kupanda anapiga kengele, nakuja na mashine ya kufyonza, namsafisha, tunaendelea na ubishi wetu. Muuguzi anayekuja kumwangalia aliniambia tangu siku ya kwanza, akarudia mara tatu kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu: akiita, isizidi dakika kumi.

Mimi nashona mapazia. Chumba changu cha kazi kiko upande wa nyuma wa nyumba, na yeye yuko chumba cha mbele na mashine yake ya oksijeni inayonguruma mchana kutwa. Shemeji alivuta waya mrefu ukutani mpaka spika ndogo juu ya cherehani yangu, na sauti yote ya kompyuta, maneno na kengele, inatokea huko kwangu tu. Chumbani kwake kimya. Alitaka mwenyewe. Ile sauti ya mashine inayomsemea haipendi. Anasema ni ya mtu anayetangaza msiba usiomhusu. Aliye chumbani kwake asome kwenye kioo, aliye nyuma asikie. Mimi nikitaka kumjibu nasimama mlangoni napaza sauti, na sauti yangu haijawahi kuhitaji spika.

Tuliishi hivyo miaka sita. Ndipo kompyuta ikaanza kuzeeka. Ikawa inachemka, inajizima yenyewe katikati ya neno. Wiki moja ilijizima mara nne, na mara ya nne ilikataa kuwaka kwa nusu saa. Nusu saa hiyo sikutoka kando ya kitanda, hata chooni sikwenda. Binti yetu aliye mbali alipopata habari akatuma kompyuta mpya, nyembamba, nyepesi, inang'aa mpaka unaogopa kuigusa.

Shemeji akaja Jumamosi mchana kuhamisha vitu. Ni mdogo wake mume wangu, fundi wa kompyuta katika ofisi fulani, mpole, mwenye suruali za kubana ambazo sijaacha kumcheka.

"Shemeji, ukivuta pumzi suruali hiyo itapasuka, na mimi leo sishoni za watu," nilimwambia, ili nisikie angalau mtu mmoja akicheka.

"Tulia basi, shemeji. Nikipasukiwa nitavaa pazia."

Akanieleza anachofanya. "Faili ni vitu alivyonavyo kaka. Mipangilio ni tabia zake. Vitu nahamisha kama unavyohamisha vyombo. Tabia ndizo zinazosumbua."

Saa tatu nzima. Kwenye kioo kulikuwa na mstari wa kijani unaotambaa, asilimia kumi na mbili, asilimia kumi na mbili, asilimia kumi na tatu. Bwana Kipimo alikuwa amelala ananitazama, na kidole chake kinabonyeza kitufe kisichounganishwa na kitu chochote. Nikamuuliza, makohozi? Akafumba macho mara moja, ndiyo, au labda alipepesa tu. Nikamfyonza, hakukuwa na kitu. Mto? Maji? Ubavu unauma? Kidole kinabonyeza tu. Nilijiona kama nimemfungia mtu ndani ya kisanduku, nimekaa juu ya kifuniko nauliza, uko sawa humo? Sijui mpaka leo alikuwa anataka nini. Alipopata sauti alisema amesahau, na sikuamini.

Zilikuwa saa tatu za shida, na ndani yake nikafanya upuuzi. Shemeji aliniita nitazame orodha ya zile sentensi za tayari, tuone kama zote zimefika. Zilikuwa zimefika. Nikazipitia, hii naijua, hii naijua, mpaka nikafika kwenye moja ambayo nimeisikia juu ya cherehani yangu kwa miaka sita, asubuhi, mchana na jioni: "Nilikuambia." Pazia likipungua, nilikuambia. Mvua ikinyeshea nguo, nilikuambia.

"Hii ifute," nikamnong'oneza shemeji.

"Shemeji, hayo ni maneno yake."

"Na masikio ni yangu. Futa."

Akafuta, huku anacheka kichinichini. Na mimi nilicheka. Nilikuwa nimebanwa na hofu tangu mchana, nikaona hicho ndicho kipumuo changu.

Jioni kompyuta mpya ikawaka, kitufe kikaitika, na kutoka chumba cha nyuma nikasikia: "Mmenifanya bubu siku nzima, nyinyi wawili." Nilishukuru Mungu kwa sauti. Tukajaribu kila kitu. Kengele, ikalia. Tena, ikalia. Shemeji akakaa kwangu, mimi kwake, tukabadilishana. Tulijaribu jioni nzima bila kunyamaza, maana nyumba yetu haijui kunyamaza. Ndugu hao wawili walibishana kuhusu mpira mpaka saa mbili usiku, mmoja kwa mdomo, mwingine kwa kidole. Kisha tukaizima, maana usiku nalala kitanda cha pembeni na naisikia hata pumzi yake ikibadilika.

Asubuhi ya Jumapili nikamnawisha, nikamlisha uji kwa bomba, nikaiwasha kompyuta, nikaenda kwenye mapazia yangu. Nilikuwa na kazi ya madirisha kumi na moja ya nyumba moja ya wageni, na mwenye nyumba hana subira. Sikumaliza hata upindo mmoja, spika ikasema, neno kwa neno, polepole:

"Sentensi yangu moja haipo. Nani kaichukua?"

Alikuwa ameitafuta. Bila shaka nilikosea kitu asubuhi ile akataka kunipiga nayo, akakuta mahali pake patupu. Nikasimama mlangoni.

"Mimi nimeichukua," nikasema. "Imenichosha. Ukitaka kusema uliniambia, andika herufi kwa herufi, utoke jasho kidogo, labda utaona kama ina faida."

Najua sasa kwamba nilisema neno baya. Mtu amebakiwa na kidole, wewe unampunguzia maneno, halafu unamwambia atoke jasho. Lakini wakati ule nilikuwa nimepandwa na hasira, na nikipandwa sishuki upesi.

Spika ikajibu: "Sawa."

Nyinyi hamumjui mume wangu. "Sawa" yake ni mlango unaofungwa. Akishasema sawa amenuna, na akinuna hatoi neno hata saa nzima. Tulipokuwa vijana aliwahi kuninunia tangu Ijumaa mpaka Jumatatu, tunakula meza moja. Na mimi nina dawa yake moja tu: nanuna zaidi. Simsemeshi, siendi kuchungulia. Yeyote atakayeanza ndiye aliyeshindwa.

Ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Nilitazama saa ya ukutani nikajiambia, haya, tuone.

Nikashona. Upindo wa kwanza, upindo wa pili. Spika kimya. Nikajisemea, nuna tu, Bwana Kipimo, uvimbe kama andazi. Saa tatu na nusu. Nikabadilisha uzi. Kama angekuwa na shida kengele ingelia, na kengele haikulia, kwa hiyo hana shida, ana kiburi. Hivyo ndivyo nilivyopiga hesabu zangu. Saa tatu na dakika arobaini nilikuwa nimeanza kulegea kidogo, nikatamani anichokoze. Mimi ugomvi naupenda, ila kimya hakinikai tumboni.

Ndipo nikafikiria kumtega. Hesabu za vitambaa vyangu anapiga yeye. Mimi namsomea dirisha, yeye ananiambia nikate mita ngapi. Hawezi, hata akiwa amenuna namna gani, kusikia kipimo kimekosewa akanyamaza. Mwili wake haumruhusu. Mara moja alivunja mnuno wa siku nzima kwa sababu nilisema inchi kumi na mbili na nusu badala ya kumi na tatu.

Nikasimama mlangoni, mkasi mkononi, nikapaza sauti yangu yote.

"Dirisha la mita tatu, mikunjo mara mbili, nakata mita tano!"

Sita, ilitakiwa aseme. Mtoto wa darasa la kwanza angesema sita.

Nikasubiri. Nikasikia mashine ya oksijeni inanguruma kule mbele. Nikasikia jirani anafagia.

"Nakata," nikasema tena, na sauti yangu ikatoka nyembamba, si yangu. "Mita tano. Nakata sasa hivi."

Hakuna. Nilijua, kabla miguu haijajua. Sikumbuki kuweka mkasi chini. Niliukuta baadaye kwenye korido. Nilikimbia nikijigonga kwenye ukuta wa nyumba yangu mwenyewe niliyoizoea miaka ishirini na sita.

Midomo yake ilikuwa na rangi ya wino. Macho yalikuwa wazi lakini hayakunitazama, yalitazama kioo. Kooni kulikuwa kunachemka, sauti ndogo, ya chungu kinachokaribia kuishiwa maji. Kidole kilikuwa juu ya kitufe na bado kilikuwa kinasogea, kidogo sana.

Nikawasha mashine ya kufyonza, mkono ukakosa swichi mara mbili. Nikamgeuza ubavu, nikaingiza bomba, likagonga meno. Nikajaribu tena. Nilikuwa nasema, sijui nilikuwa nasema nini, nadhani nilikuwa nahesabu. Bomba likavuta, likakwama, likavuta. Nikampiga mgongoni kwa kiganja. Likavuta tena, donge zito likaja, na kifua kikainuka. Kikashuka. Nikangoja kiinuke tena, na hapo katikati ndipo niliposhika hofu niliyokuwa sijawahi kuishika: kwamba hiyo ilikuwa ya mwisho na mimi ndiye niliyekuwa nyuma nikishona upindo.

Kikainuka.

Nilimpigia simu muuguzi. Akaniambia nimwache ubavu, nimwongezee oksijeni, nisimwache hata hatua moja, yuko njiani. Nikampigia shemeji. Nadhani nilimtukana, mwenyewe anasema nilimtukana kwa ufasaha mkubwa. Midomo ya mume wangu iligeuka polepole kutoka wino hadi kijivu, kutoka kijivu hadi rangi yake. Macho yakanirudia. Alinitazama, kisha akayafumba, akalala kama mtu aliyepanda mlima. Sikuthubutu kuangalia kioo. Nilishika mkono wake, kile kidole chake, nikakaa.

Muuguzi alikuja, akampima, akasema ameponea chupuchupu. Hakuniuliza ilikuwaje na mimi sikumwambia. Shemeji alifika wakati yeye anatoka, jasho linamtiririka, hakusalimia mtu. Alikwenda kwangu nyuma akaitazama spika. Taa yake ndogo ilikuwa imezimika. Akarudi kwenye kompyuta, akapekua, akafungua hiki na kile, kisha akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Ni mimi," akasema. "Kompyuta hii ikiona spika haijatumika dakika ishirini, inaikatia umeme ili kubana matumizi. Na ikishaikata haiamki. Ile ya zamani niliizuia kufanya hivyo, miaka sita iliyopita, nikasahau. Hiyo tabia haikuwa ndani ya programu yake, ilikuwa ya kompyuta yenyewe, kwa hiyo haikuhama. Jana tulijaribu, lakini jana hatukunyamaza hata dakika tano."

"Kwa hiyo kengele alipiga?"

Programu ile inaandika kila anachosema mume wangu na saa yake. Shemeji akaifungua, akasogea pembeni nisome mwenyewe.

Kengele, saa tatu na dakika thelathini na sita. Kengele, thelathini na sita tena. Kengele, thelathini na saba. Kila moja mbele yake imeandikwa: imelia. Ndivyo alivyoona yeye kwenye kioo, imelia, imelia. Kisha sentensi ya tayari: "Njoo, makohozi." Imesemwa. Kengele. Kengele. "Njoo, makohozi." Kengele nne mfululizo, dakika ya thelathini na tisa. Halafu kengele zikakatika, na nikaona herufi zinaanza, moja moja, maana neno alilolitafuta hakuwahi kulihifadhi tayari. Katika miaka sita sikuwahi kumsikia akilitumia. S. A. M. A. Alikosea herufi, akairudia. Katikati ya kukosa pumzi mume wangu alikaa zaidi ya dakika moja na nusu akiandika, na programu ikayapanga yakasomeka: "Samahani. Njoo."

Imesemwa, kioo kikamwambia.

Baada ya hapo kengele saba, zikiachana zaidi na zaidi.

Nilikaa chini sakafuni. Alidhani nasikia. Kila kengele alidhani imenifikia, na mimi niko nyuma nimemnunia, nimekataa kuja, namwacha afe kwa sababu ya neno moja. Na mimi nyuma kule, cherehani inakwenda, naona kwamba yeye ndiye amenuna. Tulikuwa tunanuniana nyumba nzima, na mmoja wetu alikuwa anakata roho.

Alipoamka ilikuwa mchana. Nilimwambia mara hiyohiyo, nisije nikakosa ujasiri. Nikamwambia spika ilizimika, haikulia hata moja, sikusikia samahani wala njoo. Nikamwambia nilidhani amenuna. Nilimshika uso aangalie macho yangu wakati nasema.

Kisha kidole kikaanza, nami nikageukia kioo, herufi baada ya herufi.

"Ungesikia, ungekuja?"

"Ningekuja," nikasema, haraka, kabla hajamaliza alama ya kuuliza.

Akanitazama tu. Yule mtu huwezi kumdanganya kipimo. Shemeji, ambaye alikuwa ameshaizuia spika isizimike tena, alikuwa amesimama dirishani, ametugeuzia mgongo, anajifanya hasikii. Nikahisi machozi yananishuka na sikuyafuta.

"Ya kwanza, labda nisingekuja," nikamwambia. "Nilikuwa nimekasirika. Ningesema mwache apige. Ya pili ningekuja nakimbia. Haki ya Mungu, ya pili ningekuja."

Mwanga ukapita juu ya herufi. Akabonyeza. Ukapita. Nilikuwa naogopa kuliko siku ile ya mstari wa kijani, kwa sababu sasa alikuwa na sauti na angeweza kusema lolote.

"Basi nitapiga mbili," akaandika.

Na ndivyo anavyofanya tangu siku hiyo, hata akitaka nimkunie sikio tu. Ya kwanza, halafu anasubiri kidogo, halafu ya pili. Ya pili hunikuta mlangoni.